Nyundo ya Kupiga Hewa

Walisema sitaweza kuvuka bahari bila kutapika mpaka nife. Walisema nikifika Uingereza baridi itanikausha kama omena. Walisema hata nikirudi na karatasi, hakuna mzungu atakayeniacha niguse mashine yake. Nitapewa ufagio, na diploma yangu nitafungia mandazi. Haya yalisemwa barazani kwa Mzee Sefu, fundi cherehani wa Shauri Moyo, na yalisemwa mbele yangu, kwa sauti, nikiwa nimekaa pale pale juu ya gunia la vitambaa chakavu. "Ati Ulaya kusomea vyungu!" alisema mmoja wao. "Mama yangu anafinyanga vyungu na hajui hata kuandika jina lake. Akija huku mtampa diploma?" Wakacheka mpaka cherehani ikasimama. Basi niwaambie waliobaki, kama wapo: nilivuka, na sikutapika ila siku mbili za kwanza. Nilikaa miaka mitatu katika mji ambao mvua yake ilikuwa na masizi, nikarudi na diploma ya ufundi wa kauri, udongo wa kuchomwa tanurini, mtu wa kwanza kutoka mtaa ule, na kwa nijuavyo Mwafrika wa kwanza Nairobi nzima. Mashine nilipewa. Nilipewa chumba kizima chenye mlango wa kioo, na mashine ndani yake, na hakuna mwingine kiwandani aliyejua kuisoma. Hilo nalisema bila haya. Yanayofuata nayasema kwa sababu si haki kusema hilo peke yake.

Mwezi uliopita nilikwenda magharibi kumzika Mama Tabitha, mjane wa rafiki yangu Wesonga. Tabitha mwenyewe, binti yao wa kwanza, sasa ni bibi mwenye wajukuu. Alinishika mkono akanitambulisha kwa waombolezaji: "Huyu ni Injinia, rafiki ya baba. Ana nyumba ya ghorofa kule mtaa wa Fedha, Nairobi, na vigae vyote vya sakafu alichoma mwenyewe kiwandani kwake." Yote ni kweli, na sikumzuia. Lakini watu walipokwenda kunawa mikono alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, mama alikuwa akikutaja mara moja moja. Alikuwa akisema, 'Yule wa kupiga hewa.' Alimaanisha nini?" Nilimjibu kuwa ni utani wa zamani. Sikumdanganya, ulianza kama utani. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na jibu lililobaki nusu, na nusu hiyo ndiyo ninayoiandika hapa.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, Hali ya Hatari ikiwa bado haijaondolewa, na askari wakiingia mitaani alfajiri kukagua vitambulisho kama mtu anayepekua mifuko ya nguo kabla ya kuzifua. Chumba nilichopewa Shauri Moyo niliporudi kilikuwa cha familia iliyochukuliwa kwa lori miaka mitatu kabla. Hakuna aliyetaja jina lao. Walikuwa wameacha msumari mmoja ukutani na alama nne za penseli kando ya mlango, zikipanda kidogo kidogo, jinsi watu wanavyopima kimo cha mtoto. Alama ya nne ilifika kiunoni kwangu, na hapakuwa na ya tano. Niliitundika diploma yangu kwenye msumari ule. Leo najiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kutundika karatasi yake mahali kama pale bila kusita, lakini wakati ule nilirudi nyuma hatua mbili nikaangalia kama imekaa sawa.

Ukuta wa kushoto ndio uliotutenganisha na Wesonga, na ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua mboga yao kabla sufuria haijafunuliwa. Wesonga alikuwa fundi wa nyaya za simu kwa mkandarasi mmoja, mtu mnene wa mabega, mwepesi wa kupanda. Yeye ndiye aliyeniazima koti zito la sufu nilipokwenda Ulaya, maana waliogharamia safari walilipa nauli na karo lakini nguo hawakuzifikiria. Mzee Sefu aliniazima sanduku lake la ngozi. Bi Mwanaisha, aliyeuza mahamri na mbaazi kwenye kona, aliniazima blanketi lake la arusi. Hao watatu ndio walionivusha. Niliporudi na kumpelekea Wesonga koti lake alinisukuma kifuani. "Kaa nalo, Diploma," alisema, kwa kuwa ndilo jina walilonipa. "Baridi ya Julai inakuja na wewe umerudi mwembamba kama waya. Mimi nina mafuta yangu." Sanduku na blanketi nilibaki navyo vilevile, kwa sababu kila nilipotaka kuvirudisha nilipewa chai na kuambiwa ningoje.

Kiwanda kilikuwa upande wa viwanda, ng'ambo ya reli, na kati ya vitu tulivyotengeneza vilikuwamo vile vya kauri vinavyokaa juu ya milingoti kushika nyaya. Kwa sura ni kama vikombe vilivyofunikwa, na ndivyo tulivyoviita, vikombe. Kazi yangu ilikuwa kusema ni vikombe vipi vitoke na vipi vikapondwe. Katika kila tanuri tulichoma vijiti kumi na viwili vya udongo ule ule, kila kimoja kirefu kama kidole cha kati. Kumi nilivivunja kwa mashine, viwili nilivihifadhi katika bati la biskuti lenye namba ya tanuri. Mashine ilikuwa na nguzo mbili za chuma, ekseli juu yake, na nyundo ikining'inia katikati kama ulimi wa saa ya ukutani. Unalaza kijiti chini, unainua nyundo mpaka inanaswa, unafyatua. Inashuka, inavunja kijiti, inapanda upande wa pili ikisukuma sindano juu ya bamba la namba. Kijiti dhaifu hakiisumbui nyundo. Inapita na kupanda juu, na sindano inasoma namba ndogo. Kijiti imara kinaichosha, inapanda kidogo, na sindano inasoma namba kubwa. Lakini kabla ya yote, kila asubuhi, lazima uifyatue nyundo bila kijiti. Ipige hewa. Mashine ikiwa nzima, sindano itasimama kwenye sifuri. Ekseli ikiwa na uchafu, nyundo itachoka yenyewe njiani, na sindano itakupa namba ambayo hakuna kijiti kilichoitolea jasho. Mashine iliyochoka husifu kila kitu. Profesa wangu alitukaririsha jambo hili kama sala, na miezi mitatu ya kwanza nililitenda kama sala.

Siku moja mwezi wa tatu Wesonga alikuja kiwandani na lori la mkandarasi kuchukua makasha ya vikombe. Alisimama nje ya mlango wangu wa kioo akaniona nikiinua nyundo, nikiifyatua, nikiinama kusoma, nikiandika. Hakuona kijiti, kwa sababu hakikuwapo. Jioni ile alinialika kula. Mama Tabitha alikuwa amepika ugali na mrenda, na Tabitha, ambaye hata miaka minne alikuwa hajatimiza, alikaa mapajani mwangu akichezea kalamu yangu. Bi Mwanaisha naye alikuwapo, na Mzee Sefu alisimama mlangoni kwa kuwa viti vilikwisha. Wesonga alinawa, akasimama katikati ya chumba, akajivika miwani ya kidole gumba na cha shahada, akakunja uso kama hakimu. Akainua mkono wake mnene mpaka begani. Akauachia. Ukapita hewani, ukapanda upande wa pili, ukasimama. Akausogelea polepole, akautazama, akaandika kwenye kiganja. "Sifuri!" alitangaza.

"Tena, Baba!" alipiga kelele Tabitha.

"Nimemwona kwa macho yangu, ndugu zangu. Miaka mitatu Ulaya! Mzungu amemfungia chumba cha vioo, anampa mshahara wa kupiga hewa. Hewa imevunjika? Haijavunjika. Andika sifuri!"

Mzee Sefu alicheka akashika mwimo wa mlango. "Kesho ataanza kupiga mvua," alisema.

"Mwacheni mtu ale," alisema Mama Tabitha, lakini na yeye alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

Nilijaribu kueleza habari ya ekseli na uchafu. Nilipofika katikati Bi Mwanaisha alinikatiza kwa upole, "Sawa mwanangu, sawa, hata hewa inahitaji mtu wa kuikagua," wakaanguka tena kwa kicheko. Hapakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wakinipenda, na sasa nafahamu kwamba mtu hutaniwa na wale walio radhi kumwazima koti. Lakini mimi nilikuwa kijana niliyerudi kutoka mbali nikiwa na kifua mbele, na ndani ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa na utani ule. "Diploma, hewa ya leo ina nguvu?" Wachomaji wa tanuri wakaupata. Nikikaribia mashine asubuhi, nyuso tatu zilikuwa zimebanwa kwenye kioo, zikingoja. Asubuhi moja sikuifyatua. Niliandika sifuri na kwenda moja kwa moja kwenye kijiti cha kwanza. Hapakuwa na aliyecheka. Kesho yake nikaandika tena sifuri. Ukiniuliza lini niliamua kuacha, nitakujibu sikuamua. Niliandika sifuri moja, nyingine zikafuata kwa mwandiko ule ule mzuri niliojivunia.

Kiwandani hewa yenyewe ni udongo. Unga mweupe ulikaa kwenye nyusi zetu, kwenye chai yetu, kwenye suruali ya meneja, ambaye kwa ajili hiyo tulimwita Bwana Chaki. Mimi nilikuwa na desturi ya kuipaka ekseli mafuta kila Jumatatu, mengi, ing'ae, ili anayepita aone mashine inayotunzwa. Mafuta na unga ule vilikutana ndani mahali nisipopaona vikawa uji mzito. Kupiga hewa mara moja tu kungenionyesha. Mwezi wa nne mvua za masika zilinyesha bila kupumzika, moto wa tanuri ukasumbua, na tanuri moja ikatolewa kabla ya kuiva. Nilivunja vijiti vyake kumi. Namba zilipita kikomo, yaani namba ya chini kabisa iliyokubaliwa, vizuri tu. Lakini nilisikia mlio. Kauri iliyoiva huvunjika kwa mlio mkavu, kama kengele ndogo iliyokatwa katikati. Hii ilivunjika kwa sauti ya mtu anayekanyaga mhogo. Nilisimama na vipande mkononi. Nikaitazama sindano, nikaitazama tena, nikaliamini bamba la namba kuliko masikio niliyosomeshwa miaka mitatu kuyatumia. Nilipiga muhuri, na vikombe vile vikaondoka.

Mwezi wa saba mkandarasi alikuwa akivuta nyaya kando ya barabara ya Embakasi. Wakati ule ilikuwa nyika tupu, majani na upepo. Nyumba yangu ya leo haiko mbali na pale, na mlingoti wenyewe uling'olewa zamani. Wesonga alikuwa juu akikaza waya. Alifungua mkanda ili aupite mti uliokingama juu ya mlingoti, kama mafundi wote wanavyofanya, na katika dakika ile kikombe kikapasuka. Waya uliokuwa umevutwa ulijirusha ukampiga, akaanguka. Habari zilinikuta mlangoni kwangu asubuhi yenye ukungu, nikiwa nimevaa koti lake.

Vipande vya kikombe vililetwa kiwandani ndani ya mfuko wa unga. Bwana Chaki alivitupa mezani kwangu akasema niandike kwamba kimevunjwa na anguko. Nilikisoma chini yake: namba ya tanuri ile. Nikakigusisha ulimi mahali kilipovunjika. Kauri iliyoiva haishiki ulimi, ni kama kulamba kioo. Hiki kilinishika, kikanywa mate yangu, nikakivuta kikatoka kwa shida. Nilijua kila kitu pale pale, na nilikaa na kujua huko siku kumi na moja. Sikuwa na ujasiri wowote, na msomaji asinitafutie. Mtu asiye na kazi Nairobi ya wakati ule alipewa siku chache za kuondoka, na mimi nilikuwa nimerudi kuonyesha watu, si kufukuzwa mbele yao. Kila jioni Mama Tabitha aliniletea sahani ya ugali iliyofunikwa, kwa kuwa watu walimletea chakula kingi na hakuwa na mtu wa kumpa. "Kula, shemeji," alisema. "Ulikuwa ndugu yake." Nilikula. Nilikula chakula cha matanga ya mtu niliyemwua na nikarudisha sahani ikiwa imeoshwa.

Siku ya kumi na moja karani wa mkandarasi alikuja chumbani kwa Mama Tabitha. Niliyasikia yote ukutani. Alisema karatasi inatayarishwa, kesho afisa wa kazi atakuja kiwandani kuikamilisha, na itasema marehemu alifungua mkanda kwa uzembe wake. Fidia haitakuwapo, na chumba kinatakiwa mwisho wa wiki. Mama Tabitha hakubishana naye. Aliuliza tu kama anaweza kupewa kamba ya kufungia vyombo. Karani alipoondoka nikasikia sauti ndogo ya Tabitha.

"Mama, Baba alisahau mkanda?"

"Ndiyo," alisema mama yake. "Alisahau."

"Kwa nini alisahau?"

"Watu husahau. Usiwe unasahau wewe."

Nilikaa kitandani nikiwa nimeishika sahani yake. Wesonga hakuwahi kusahau mkanda, na mtoto wake alikuwa akifundishwa vinginevyo mbele ya masikio yangu, na mwalimu alikuwa ni mimi.

Kesho yake walikusanyika katika chumba changu cha kioo: afisa wa kazi, karani wa mkandarasi, Bwana Chaki. Mama Tabitha aliambiwa angoje nje, nikaomba aingizwe, na kwa kuwa hawakuona hatari yoyote kwake wakamruhusu. Bwana Chaki alifungua daftari akaonyesha namba za tanuri ile, zote nzuri. Afisa alikuwa tayari ameshika kalamu. Nikasema, "Bwana, kabla hujaandika, naomba nipige hewa."

"Upige nini?"

Niliinua nyundo bila kijiti, nikaifyatua. Ilishuka, ikapanda upande wa pili kama mzee anayepanda ngazi, ikarudi. Sindano ilisimama mbali na sifuri, karibu theluthi ya kikomo chetu. Nikamwomba afisa aisome mwenyewe, akaisoma. Nikaifungua ekseli, nikatoa ule uji mweupe kwa kitambaa, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikapaka tone moja la mafuta, nikapiga hewa tena. Sifuri. Kisha nikatoa bati la biskuti, nikavunja vile vijiti viwili vilivyobaki vya tanuri ile. Vyote viwili vilikuwa chini ya kikomo, chini sana. Kazi safi kuliko ile sijaifanya maishani mwangu, na nimefanya nyingi. Afisa akageuza daftari. "Na hizi sifuri za kila asubuhi?"

"Niliziandika bila kupiga," nilisema. "Tangu mwezi wa tatu. Marehemu hakukosea kitu."

Sikumtazama Mama Tabitha. Nilimsikia akishusha pumzi, basi.

Nilifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Yeye alipata fidia yake na tiketi za treni ya magharibi. Mimi niliandikiwa siku saba, na siku ya saba niliamua kwamba sitaondoka Nairobi nikiwa na kitu cha mtu. Nilianza kwa Mzee Sefu. Nilimwaga nguo zangu kwenye shuka, nikamkabidhi sanduku tupu. Alilifungua akalinusa. "Na wewe utasafiria nini?"

"Nitafunga shuka."

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ngozi kwa muda mrefu. "Waliosema hutaweza, mimi sikusema," alisema. "Lakini nilicheka. Na ile ya kupiga hewa pia nilicheka." Kwa Bi Mwanaisha nilikuta karai likiwa motoni. Alilipokea blanketi akaliweka begani, akanifungia mahamri manne katika gazeti. "Kula ukiwa njiani," alisema, na alipogeukia karai lake nikajua kwamba ndiyo kwaheri.

Chumba cha Wesonga kilikuwa kitupu, vyombo vimefungwa kwa kamba, Tabitha amekaa juu ya furushi akiwa amevaa viatu kinyume, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Nilikuwa nimelipiga koti brashi mpaka sufu ikasimama. Mama Tabitha alilipokea kwa mikono miwili. Hakusema asante na sikuingojea.

"Nionyeshe," alisema.

"Nini, shemeji?"

"Hiyo ya kupiga hewa, kwa mkono. Nataka kukiona kitu ambacho hukukifanya."

Nilisimama katikati ya chumba, mahali pale pale aliposimama Wesonga. Nikainua mkono wangu mpaka begani, nikauachia. Ukapita hewani, ukapanda kidogo upande wa pili, ukarudi kando yangu. Tabitha alinitazama bila kucheka.

"Na namba?" aliuliza mama yake.

"Sifuri," nilisema.

Alilikunja koti mara mbili, akaliweka juu ya furushi, akainama kumbadilishia mtoto viatu. "Yeye," alisema akiwa bado ameinama, "aliifanya vizuri kuliko wewe."